Kwa maskora wapya: upande wa pili pia kuna mtu

Kila msimu wa kriketi ukianza naletewa vijana wapya wa meza ya alama, maskora wa kuandika kila mpira kitabuni, na kila msimu wanafanya makosa yaleyale kwa mpangilio uleule, kana kwamba waliotangulia wamewaachia wosia. Wa kwanza anachungulia simu katikati ya ova, ile mipira sita ya mrushaji mmoja. Wa pili anaruka kushangilia sita, yaani mpigo wa mikimbio (alama) sita, kalamu inadondoka chini ya meza, na mpira unaofuata unapita yeye akiwa amepiga magoti anaitafuta. Wa tatu, na huyu ndiye anayenikaba roho, anamgeukia mwenzake na kuuliza: "Huyu mrefu ana ngapi sasa?" Huyo mrefu anaandikwa na yeye mwenyewe!

Nawapenda, wadogo zangu. Jua la saa sita, chapati baridi, posho isiyotosha nauli, na bado mnakuja. Ila nimechoka kurudia haya kwa mdomo, kwa hiyo nayaandika mara moja. Sitawafundisha alama ya waidi (mpira uliorushwa mbali na mpigaji) wala namna ya kuunganisha nukta sita, mipira sita isiyo na mkimbio, zikawa M, hayo mnayajua. Ninachotaka ni kuwatibu ugonjwa mmoja tu, wa kuandika mechi ya watu ishirini na wawili mkiwa mnamtazama mmoja. Mechi ikiisha nikiwauliza ilikuwaje, mnanitajia sita za nyota. Nikiuliza ni nani alikuwa naye upande wa pili wa pichi, maana wapigaji huwa wawili, wakati mikimbio mia na ishirini ikiongezwa, mnafungua kitabu kutafuta.

Dawa yangu ina jina: Shivnarine Chanderpaul wa Guyana, mpigaji wa mkono wa kushoto wa West Indies, timu ya nchi za Karibi, kuanzia 1994 hadi 2015. Wengi wenu mnalijua jina la ukoo kwa sababu ya mwanawe. Tutafika huko.

1. Mwamuzi akitoa ishara, inua mkono mpaka akuone. Hata kama unaamini ameshakuona.

2. Kila mrushaji na rangi yake ya kalamu. Hili nalo halihitaji hotuba.

3. Soma kadi yote ya alama, hadi mstari wa mwisho. Kila Mkenya wa rika langu anaijua Pune, India, tarehe 29 Februari 1996, Kombe la Dunia: sisi 166, West Indies 93. Ukitaka kumfurahisha mzee yeyote wa klabu mwulize kuhusu Brian Lara, nyota wa West Indies, siku ile. Atasimama, atashika bati la hewa, atakuonyesha jinsi mpira wa Rajab Ali ulivyogusa ukingo na jinsi Tariq Iqbal alivyoukumbatia nyuma ya wiketi, vile vijiti vitatu. Lara, 8. Hadithi inaishia hapo na soda inaagizwa.

Sasa mwulize mzee huyo huyo: katika West Indies ni nani alipiga nyingi siku ile? Kimya. Ni Chanderpaul, 19, mpaka Maurice Odumbe alipomtoa kwa mpira uliodakwa na Steve Tikolo. Kumi na tisa si kitu, najua. Lakini kadi ile inaonyesha Richardson 5, Campbell 4, Lara 8, Arthurton 0, Adams 9. Kijana wa miaka 21 ndiye aliyebaki amesimama kuliko wote, na hata sisi tuliowafunga hatumkumbuki. Na kwa upande wetu, kama mngesoma kadi yote, mngejua kwamba aliyeongoza ni bwana Ziada mwenyewe (mikimbio isiyotoka kwenye bati), mbele ya Tikolo 29 na Hitesh Modi 28. Modi naye ni wa kabila hilihili la watu wa kushoto wasiopigiwa kelele. Tulikuwa tumeshapoteza wapigaji sita yeye na Thomas Odoyo walipoanza kutuokotea mikimbio, na bila hiyo sijui Rajab Ali angekuwa analinda nini.

4. Wastani unagawa kwa mara alizotolewa. Narudia, kwa sababu jedwali mlilobandika ukutani mwisho wa msimu lilinitoa jasho. Mmegawa kwa zamu alizopiga! Chukueni Chanderpaul: Testi (mechi za kimataifa za siku tano) 164, zamu 280, na katika hizo 49 alitoka uwanjani bila kutolewa. Mikimbio 11,867 ukigawa kwa 231 unapata 51.37. Ukigawa kwa 280 kama mlivyofanya ninyi, unapata 42 na kitu, na umemshusha mtu kutoka kundi la wakubwa hadi kundi la "alikuwa mzuri, mzuri". Lara ana 52.88. Tofauti yao haifiki mbili, lakini nendeni mkahesabu sanamu za maneno alizojengewa mmoja na mwingine.

Wapo wanaosema zile 49 zinamvimbishia wastani, kwamba alikuwa anajificha chini huku namba tano na sita akiacha wenzake wakabiliane na mpira mpya. Nimeisikia hoja hiyo kwa watu ninaowaheshimu, na kuna chembe ya kweli ndani yake: pengine angepanda juu. Lakini mtu habaki bila kutolewa kwa kujificha. Anabaki kwa sababu wenzake wote wamekwisha. Dhidi ya India mwaka 2002 alikaa kwenye kriizi, mahali pa mpigaji, zaidi ya saa 25 kati ya kutolewa mara moja na kutolewa tena, kupitia mechi zaidi ya moja. Mwandikeni mtu kama huyo mjue. Mimi nilikuwa najizoeza nyumbani kwa mechi za Karibi, ambazo kwetu huanza saa kumi na moja jioni na kuisha usiku wa manane, na mstari wake ulikuwa unajaa nukta na moja moja mpaka kisanduku kinakwisha, unalazimika kuchora mshale na kuendelea pembeni. Zoezi zuri kuliko yote ninayoyajua. Fanyeni.

5. Usimpe mtu mikimbio ya mwenzake. Hapa nitakaa, nimiminieni chai.

Nilikuwa nimeshaandika misimu ya kutosha kujiona mtaalamu, na huo ndio umri wa hatari. Ilikuwa mechi ya ligi ya ova 50, hapa Nairobi, uwanja sitautaja. Timu ya nyumbani ilikuwa na nyota, mtu ambaye baa ya klabu ilikuwa inabaki tupu akiingia kupiga. Upande wa pili alikuwepo mpigaji ambaye nitamwita Bwana Kimya. Wote wa mkono wa kulia, wote kimo kimoja, wote helmeti ya bluu ya klabu. Kimya alikuwa ameingia mapema, amefika 43, na sidhani kama kuna mtu uwanjani aliyelijua hilo zaidi yake.

Nyota alikuwa na 92. Uwanja mzima ulikuwa unahesabu pamoja naye, na mimi nilikuwa nahesabu pamoja nao, jambo ambalo skora hana ruhusa nalo. Mrushaji wa spini, mipira ya kuzunguka, akaanza ova. Mpira wa kwanza nyota akausukuma upande wa kava, wakapishana, mkimbio mmoja. Tisini na tatu. Nikaandika, nikainua macho, nikaona helmeti ya bluu imejiweka tayari, na kichwani mwangu ilikuwa bado ni yeye. Mpira wa pili, nne kupitia upande wa pointi. Tisini na saba. Wa tatu, nukta. Wa nne, swipu safi, ile ya goti chini, mpira ukafika baundari, mpaka wa uwanja, kabla mlinzi hajageuka. Mia na moja! Nikampungia kijana wa kipaza sauti, naye akatangaza senchuri, klabu nzima ikasimama.

Na nyota alikuwa wapi? Alikuwa upande wa mrushaji, ameegemea bati. Hakugusa hata mmoja kati ya mipira ile mitatu. Alitazama ubao, akawatazama watu waliosimama, akavua helmeti, akainua bati. Simlaumu sana, makofi yale yangemshawishi hata kadhi. Aliyepiga zile nne mbili alikuwa Bwana Kimya. Na Bwana Kimya, dakika ileile alipopiga swipu nzuri kuliko zote za siku hiyo, alitembea hadi katikati ya pichi akampa mwenzake mkono wa pongezi.

Mpira wa tano Kimya akapata mmoja, nao nikaupeleka kulekule. Wa sita nukta. Ova iliyofuata nikaona vizuri ni nani yuko mbele, nikaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mikimbio tisa ilikuwa imeshahama. Zamu ilipokwisha, kitabu changu kilisema nyota 104, Kimya 46.

Mtauliza, skora wa wageni je? Alikuwa ameenda kuswali alasiri, na aliporudi akanakili ova mbili kutoka kwangu, kama tufanyavyo sote. Tukasawazisha. Jumla ya timu ilikubali. Hesabu za warushaji zilikubali. Ziada zilikubali. Tukapeana mikono! Sasa sikilizeni, hili ndilo nataka liwaingie mifupani: kusawazisha kitabu hakukamati kosa hili. Ukimpa Juma mikimbio ya Hamisi, jumla ya timu haibadiliki, mrushaji hadhulumiwi, ubao haulalamiki. Anayejua ni Hamisi peke yake, na mara nyingi Hamisi ni mtu wa kunyamaza.

Nililigundua usiku, nikiwa nanakili kitabu kwa usafi. Kisanduku cha yule wa spini kilikuwa na 1, 4, nukta, 4, 1, nukta. Mtu aliyekimbia mmoja mpira wa kwanza hawezi kupiga nne mpira wa pili; yuko upande mwingine. Mtoto wa darasa la tatu angeliona. Nikahamisha kwa penseli: nyota 95, Kimya 55. Senchuri haikuwepo. Hamsini ilikuwepo na hakuna aliyeipigia hata kofi moja.

Nikafanya nini? Nikalala. Asubuhi nikajiambia makapteni wameshatia saini. Kesho yake nikajiambia matokeo yameshafika gazetini. Uongo ukishapata saini mbili na wino wa gazeti huwa unastarehe sana. Kisha kikachaguliwa kikosi cha mseto cha ligi, na wateuzi walikuwa na karatasi za alama mezani. Jina la nyota lilikuwa la kwanza. La Kimya halikuwepo. Siwezi kusema 55 ingembeba, labda isingembeba. Nasema tu kwamba karatasi waliyoisoma niliiandika mimi na haikuwa ya kweli.

Hatimaye nilimfuata nje ya vyumba vya kubadilishia nguo, nimejiandaa kwa matusi. Alinisikiliza hadi mwisho, akafikiri, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo hamsini niliifikia kwa mpira upi?"

Nikamwambia ni ile swipu. Akasema "aah", akabeba mfuko wake akaenda. Katibu wa ligi alikubali kusahihisha kitabu, baada ya kunisomea. Gazeti halikusahihisha.

Ndiyo maana nikiitazama Antigua ya Aprili 1994 siitazami kama wengine. Lara anavuka rekodi ya 365 ya Garfield Sobers, uwanja unavamiwa, Sobers mwenyewe anatembea hadi katikati kumkumbatia. Hatimaye 375. Upande wa pili yupo mvulana wa miaka 19, mfululizo wake wa kwanza kabisa wa Testi, ambaye ameongeza na Lara mikimbio 219 na anatoka na 75 bila kutolewa. Maskora wa Antigua walimwandika sawasawa, hakuibiwa hata mmoja. Ni sisi wasomaji tuliomwacha mlangoni.

Kwa hiyo, kabla ya kila mpira, mtazame mpigaji kabla hujamtazama mrushaji, na mpe kila mmoja alama yako ya kumtambua: pedi, gloves, namna anavyosimama. Chanderpaul mwenyewe asingewasumbua. Vijistari vyeusi chini ya macho vya kukata mwanga, kifua chote kimemwelekea mrushaji kana kwamba hajui bati linashikwaje, halafu mpira ukitoka mkononi miguu inajipanga yenyewe. Na akiingia uwanjani haweki gadi, alama ya mahali pa kusimama, kwa kuchora na kiatu. Anachukua beli moja, kile kijiti kidogo kinacholala juu ya wiketi, na kuigongelea ardhini kwa bati. Natamani wapigaji wetu wote wangekuwa na kituko kimoja namna hiyo, kazi ingekuwa nyepesi.

6. Pembeni ya kitabu msiandike sifa. Nimekuta neno "mzito" limeandikwa karibu na jina la mpigaji, kwa penseli, na tabasamu limechorwa. Futa. Chanderpaul aliitwa mzito maisha yake yote. Aprili 2003, uwanja wa Bourda, Georgetown, mbele ya Australia ile ya kutisha, alifikisha mia kwa mipira 69. Mwezi uliofuata, St John's, Antigua, West Indies walifukuza lengo la 418 katika zamu ya nne na kulifikia, rekodi ambayo bado haijavunjwa katika Testi. Yeye 104, Ramnaresh Sarwan 105. Mnaona? Hata siku hiyo alizidiwa kwa mkimbio mmoja. Na 2005, Georgetown tena, mechi yake ya kwanza kama kapteni, Lara hayumo kikosini, jukwaa ni lake, nyumbani kwao: anapiga 203 bila kutolewa. Wavell Hinds anapiga 213 katika zamu hiyohiyo. Nilicheka mpaka nikasikitika.

Na mwenye kusema hana nguvu za mwisho amtafute Chaminda Vaas, mrushaji wa Sri Lanka, amwulize kuhusu Port of Spain, Aprili 2008. Mipira miwili imebaki, mikimbio kumi inatakiwa, wiketi moja (akitolewa mmoja tu basi) mkononi. Nne. Sita. Mechi imekwisha. Mwaka huohuo ICC, baraza la kriketi la dunia, ikampa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, akiwa na miaka 34, na mazungumzo yakarudi kwa Chris Gayle, mwenzake wa timu.

7. Msimwandike mtu "ametoka majeruhi" kabla hajatoka. Mei 2008, Kingston, mpira wa Brett Lee wa Australia ulimpiga Chanderpaul nyuma ya helmeti akaanguka, akalala pale bila kutikisika. Mwanafunzi wangu wa sasa, namjua, angekuwa ameshapiga mstari kwa kalamu nyekundu. Aliinuka, akaendelea, akafika 118.

8. Tangu Oktoba 2022, mpigaji akitolewa kwa kudakwa, mpya anakwenda upande wa kukabili mpira hata kama wale wawili walishapishana, isipokuwa ova imekwisha. Watatu kati yenu bado mnaandika kwa sheria ya babu zenu.

9. Noboli, mpira uliorushwa kinyume cha sheria, inahesabika kama mpira aliokabili mpigaji, waidi haihesabiki. Bai na legibai, mikimbio isiyotoka kwenye bati, hazimwendei mrushaji. Ranauti, mpigaji kutolewa akikimbia, si wiketi yake. Basi.

10. Herufi za kwanza za majina. Kijana mmoja, sitamtaja ila anajijua, alinijia na daftari lake la takwimu akanibishia kwamba alama ya juu ya Chanderpaul katika Testi ni 207 bila kutolewa. Nikamwambia ni 203. Akanionyesha simu: Bulawayo, Februari 2023. Nikamwuliza, mtu aliyeachwa na wateuzi 2015 akiwa na miaka 40, akastaafu Januari 2016 akiwa amebakiza mikimbio 86 tu kumfikia Lara, amerudije uwanjani Zimbabwe? Huyo ni Tagenarine, mwanawe, naye wa kushoto, naye mwenye subira ya kuudhi. Walishawahi hata kuchezea Guyana pamoja, baba na mwana. Kwa hiyo hata ndani ya nyumba yake mwenyewe, alama ya juu ya Testi si ya mzee tena.

Kwetu ndiyo usiseme, kriketi yetu ni ya koo. Martin na Tony Suji. Maurice na Edward Odumbe. Steve, David na Tom Tikolo. Collins na David Obuya, halafu kaka yao mkubwa anaandikwa Kennedy Otieno, mgeni atajuaje? Nina vitabu vya zamani vilivyoandikwa "Suji 4 kwa 30" au "Obuya 41", na hakuna anayeweza kuniambia leo ni Suji yupi, Obuya yupi. Mmoja wao alipiga zile 41. Andikeni herufi, na mkiona herufi zinagongana andikeni jina zima, hata likitoka nje ya kisanduku.

Jumamosi nitakagua kitabu mwenyewe kabla makapteni hawajatia saini, na nitaanza na safu ya yule ambaye hamkumbuki alipiga ngapi. Mje na kalamu zenu; zangu mkiazima hazirudi.